Kwa nini Ulaya ina chaja moja lakini haina kima kimoja cha mshahara?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nafanya kazi ghalani karibu na Leipzig, Ujerumani. Kwenye zamu yetu kuna Wabulgaria, Wapoland, Wasiria na mimi. Mwenzangu Mbulgaria anasema dada yake anafanya kazi kama yetu hii hii kwao Plovdiv, lakini analipwa chini ya theluthi ya tunachopata hapa. Nilisikia Umoja wa Ulaya umetoa sheria ya kima cha chini cha mshahara, baadaye nikasikia mahakama imeifuta. Ukweli ni upi? Na kama waliweza kulazimisha simu zote zitumie chaja ya aina moja, mbona wameshindwa kuweka mshahara mmoja wa chini kwa nchi zote? Halafu haki hizi za Ulaya, mimi nisiye na pasipoti yao, zinanihusu?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na la mahakama, maana limewachanganya wengi. Sheria haijafutwa. Denmark ndiyo iliyofungua kesi, Sweden ikaiunga mkono, zikitaka sheria hiyo, yaani agizo la mwaka 2022 kuhusu mishahara ya kima cha chini, itupwe yote. Mwezi Januari 2025 mshauri wa kisheria wa Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya alipendekeza hivyo hivyo, na hapo ndipo habari za kufutwa zilipoenea. Lakini hukumu yenyewe ilitoka tarehe 11 Novemba 2025, na majaji hawakumfuata. Waliondoa vipande viwili tu: orodha ya vigezo ambavyo kila nchi ililazimishwa kuvitazama inapopanga kima chake, na katazo la kushusha kima hicho katika nchi zinazokirekebisha kwa fomula ya moja kwa moja. Mengine yote yamesimama.

Sababu ya kuondoa vipande hivyo ndiyo jibu la swali lako la chaja. Chaja ni bidhaa, na Umoja wa Ulaya una mamlaka mapana juu ya bidhaa zinazouzwa katika soko lake. Kura za nchi nyingi zinatosha, nchi moja haiwezi kuzuia. Ndiyo maana tangu tarehe 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko zinatumia tundu la aina moja. Mshahara una mlango wake, na mlango huo umefungwa kwa makusudi. Kifungu cha 153 cha mkataba unaouendesha Umoja kinaruhusu kuweka masharti ya chini kabisa kuhusu afya na usalama kazini, mazingira ya kazi, haki ya wafanyakazi kupewa taarifa, usawa wa wanawake na wanaume. Ukifika aya ya 5 unakuta sentensi moja fupi inayosema kwamba hayo hayahusu malipo, haki ya kujiunga na vyama, haki ya kugoma, wala haki ya mwajiri kuwafungia wafanyakazi nje. Hifadhi ya jamii imo ndani, ila kila nchi ina kura ya turufu juu yake. Kwa hiyo wakili wa Denmark hakuhitaji hoja ngumu. Alisema: mmegusa malipo. Mahakama ikajibu kwamba kuhimiza utaratibu mzuri wa kupanga mshahara kunaruhusiwa, ila kumwambia mtu apime nini anapoandika tarakimu ni kuingia mle msimoruhusiwa.

Mlango huo haukufungwa jana. Kabla ya Mkataba wa Rome wa 1957, ulioanzisha jumuiya iliyokuja kuwa Umoja huu, Ufaransa iliogopa kwamba viwanda vyake, vilivyobeba gharama kubwa za jamii, vingezidiwa na majirani wanaolipa kidogo. Ikataka masharti yalinganishwe kwanza, ndipo mipaka ifunguliwe. Kamati ya wataalamu iliyoongozwa na mwanauchumi wa Sweden, Bertil Ohlin, ikatoa ripoti mwaka 1956 kwamba hakuna haja: mishahara inafuata tija, biashara ikikua nayo itapanda. Ohlin alishinda hoja. Ufaransa iliambulia vitu vichache, kikubwa kikiwa Kifungu cha 119, kinachosema mwanamke na mwanamume walipwe sawa kwa kazi sawa. Kilikaa karibu miaka 20 bila nguvu yoyote, mpaka mhudumu wa ndege wa Ubelgiji, Gabrielle Defrenne, alipokwenda mahakamani kwa sababu wanaume waliofanya kazi kama yake walilipwa zaidi. Mwaka 1976 mahakama ikasema kifungu kile kinaweza kutumiwa moja kwa moja na mfanyakazi dhidi ya mwajiri wake, hata kama serikali yake haijatunga sheria. Haki nyingi unazozisikia leo zilifuata njia aliyoifungua mama yule.

Sasa, usidhani kwamba kwa kuwa mshahara umewekwa kando, basi Ulaya haina viwango vya chini vya pamoja. Inavyo, na vingine vimebadilisha maisha ya watu kuliko tarakimu yoyote ya mshahara. Kanuni yake ni ya sakafu: nchi yoyote inaweza kujenga juu zaidi, hakuna inayoruhusiwa kushuka chini. Agizo linataja lengo na tarehe ya mwisho, kisha kila nchi inaliandika kwenye sheria zake kwa namna yake.

Chukua agizo la saa za kazi, la kwanza la 1993, linalotumika sasa ni la 2003. Linasema wiki ya kazi isizidi saa 48 kwa wastani, pamoja na za ziada. Linasema upumzike saa 11 mfululizo kila siku. Yaani ukitoka zamu saa nne usiku, msimamizi hana haki ya kukuita kabla ya saa tatu asubuhi. Linasema upate siku moja nzima ya mapumziko kila wiki, na wiki nne za likizo yenye malipo kila mwaka. Neno la kuangalia ni "wastani". Agizo linaruhusu hesabu ifanywe kwa miezi minne, kwa hiyo wiki moja ya saa 56 si kosa peke yake, mradi wiki nyingine ziirudishe hesabu chini ya 48. Hapa ndipo wafanyakazi wengi wanapopunjwa bila kujua, kwa sababu hawaweki kumbukumbu zao na wanategemea za mwajiri.

Uingereza iliupinga mpango huu kama Denmark ilivyopinga ule wa mishahara. Hukumu ya tarehe 12 Novemba 1996 ikafanana ajabu na hii ya 2025: agizo likabaki, ikaondolewa sentensi moja tu iliyotaka mapumziko ya wiki yaangukie Jumapili. Mwaka 1998 Uingereza ikaliingiza katika sheria zake, na hapo ndipo wafanyakazi wa nchi ile walipopata kwa mara ya kwanza haki ya jumla, iliyoandikwa katika sheria, ya likizo yenye malipo. Fikiria, nchi tajiri kiasi kile! Wengi walikuwa na likizo kwa hisani ya mwajiri au kwa nguvu ya chama chao. Wasio na chama hawakuwa na pa kushika. Uingereza imeshajitoa katika Umoja, likizo ile bado ipo.

Tena sakafu hii ina majaji wanaoilinda. Daktari mmoja katika hospitali ya mji wa Kiel, huko huko Ujerumani, alikuwa akilala hospitalini usiku wa zamu za kusubiri. Alipewa chumba na kitanda, akiitwa anaamka. Hospitali ikahesabu usiku ule kuwa sehemu ni mapumziko, maana alikuwa amelala. Mwaka 2003 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, yenye makao yake Luxembourg, ikasema hapana: mtu aliyelazimika kuwa kazini, mbali na nyumbani na familia yake, yuko kazini hata akisinzia. Hospitali za nchi nyingi zililazimika kupanga zamu upya, na serikali kadhaa zililalamika juu ya gharama. Mimi naona hukumu ile ilikuwa ya haki kabisa.

Yako mengine nitayapitia haraka. Mama mjamzito ana angalau wiki 14 za likizo ya uzazi tangu agizo la 1992. Jaribio la kuzifikisha 18 lilikwama kwa miaka, likaondolewa mezani 2015. Baba ana likizo ya angalau siku 10 za kazi mtoto anapozaliwa, kwa agizo la 2019. Na mwaka 2017, mjini Gothenburg, viongozi walitangaza Nguzo ya Haki za Kijamii yenye kanuni 20, ambayo ni tamko zuri lakini huwezi kwenda nalo peke yake mahakamani kudai fedha.

Turudi kwenye mshahara. Unataka tarakimu moja, na ninaelewa uchungu ulio nyuma ya swali. Lakini hebu tupige hesabu. Januari 2025 kima cha chini cha mwezi kilikuwa yuro 2,638 Luxembourg, 2,161 Ujerumani na 551 Bulgaria. Ukiweka kimoja kwa wote, utaweka kipi? Ukichukua nusu tu ya kile cha Luxembourg, yaani 1,319, umeshazidisha cha Bulgaria zaidi ya mara mbili kwa usiku mmoja. Viwanda vidogo vya miji maskini kama Vidin, huko Bulgaria, vitafunga, au vitawaficha wafanyakazi nje ya vitabu, walipwe mkononi bila michango ya pensheni. Ukichukua 551, hakuna Mjerumani wala Mtanzania aliyeko Leipzig atakayefaidika nacho hata senti. Bei nazo hazilingani: ukizizingatia, pengo kati ya Luxembourg na Bulgaria linashuka kutoka karibu mara tano hadi chini ya mara tatu. Bado ni kubwa, na dada wa mwenzako ana haki ya kulalamika, ila si kubwa kama linavyoonekana kwenye karatasi.

Agizo la 2022 lilichagua njia nyingine. Halitaji yuro hata moja. Linaziambia nchi zenye kima cha kisheria zikipime dhidi ya mishahara ya nchi yenyewe, na linataja vipimo vya mfano: asilimia 60 ya mshahara wa mtu wa katikati, yule ambaye nusu ya wafanyakazi wanapata zaidi yake na nusu wanapata pungufu, au asilimia 50 ya wastani. Linataka pia kima kipitiwe angalau kila miaka miwili, au minne kwa nchi zenye fomula ya moja kwa moja. Hili la mwisho linaonekana dogo lakini ndilo ningelipigania kwa meno. Sisi wa Afrika Mashariki tunajua kinachotokea likikosekana. Uganda iliweka kima chake cha shilingi 6,000 kwa mwezi mwaka 1984, na kwa miongo tarakimu hiyo imebaki kwenye vitabu huku haitoshi hata chakula cha siku chache. Kima kipo, mfanyakazi hana kitu.

Je, vipimo hivyo vya mfano vina nguvu yoyote? Vinayo, zaidi ya wakosoaji walivyodhani. Bulgaria iliandika katika sheria yake ya kazi mwaka 2023 kwamba kima cha chini kiwe nusu ya wastani wa mshahara. Tume ya Ujerumani inayopanga kima cha chini iliingiza mwanzoni mwa 2025 ile asilimia 60 katika kanuni zake za kazi, na miezi michache baadaye ikapendekeza yuro 13.90 kwa saa kuanzia Januari 2026 na 14.60 kuanzia Januari 2027. Kumbuka nchi hiyo ilianza na 8.50 mwaka 2015. Kwa hiyo ndugu yangu, sheria uliyosikia imefutwa inakufikia kwenye hati yako ya malipo.

Sehemu ya agizo ninayoithamini kuliko zote ni ile isiyotajwa sana: nchi ambayo mapatano ya pamoja kati ya vyama na waajiri hayawafikii asilimia 80 ya wafanyakazi lazima itengeneze mpango wa kuyapanua. Sweden mapatano hayo yanawafikia takriban tisa kati ya kila kumi, na nchi hiyo haina kima cha chini cha kisheria kabisa. Denmark nayo haina, wala Finland, Austria na Italia. Ujerumani yanawafikia karibu nusu tu. Poland ni chini ya mmoja kati ya watano. Ukiilinganisha orodha hiyo na orodha ya mishahara, utaona kwamba mfanyakazi anapata zaidi pale anapokaa mezani na mwajiri akiwa na wenzake nyuma yake. Kima cha kisheria ni cha wale ambao meza haijawafikia.

Na hapa nawatetea kidogo Wadenmark na Waswidi, ambao wengine wanawaita wachoyo. Wana kumbukumbu mbaya. Mwaka 2004 kampuni ya Latvia ilipata kazi ya kukarabati shule Vaxholm, karibu na Stockholm, ikaleta wafanyakazi wake kutoka kwao. Chama cha wajenzi kikaitaka isaini mapatano ya Sweden, ikakataa, chama kikaususia mradi mpaka ukasimama. Desemba 2007 mahakama ya Luxembourg ikasema kususia kule kulikiuka uhuru wa kampuni kutoa huduma. Sweden haikuwa na tarakimu katika sheria ya kumwonyesha mgeni, na kwa kukosa tarakimu chama kikapigwa. Tangu hapo kila Brussels, yaliko makao ya Umoja, inapotaja mshahara, vyama vya Kaskazini vinashtuka. Mimi naamini walikosea kutaka agizo zima litupwe, maana kutupwa kwake kungewaangusha mamilioni wa Mashariki na Kusini, ila hofu yao haikutoka hewani.

Jeraha la Vaxholm lilitibiwa kwa sehemu. Agizo la 2018 linasema mfanyakazi anayetumwa na kampuni yake kwenda nchi nyingine alipwe kwa viwango vya mahali anapofanyia kazi. Hungary na Poland zilikwenda mahakamani kulipinga, zikashindwa Desemba 2020. Ila michango ya hifadhi ya jamii inaweza kuendelea kulipwa alikotoka hadi miezi 24, na huko mara nyingi ni midogo. Ndiyo sababu waajiri wengine bado wanapenda kuleta watu kupitia mawakala wa nje. Muulize mwenzako Mbulgaria mkataba wake umesainiwa wapi. Jibu linabadilisha mengi.

Pale ninapoilaumu Ulaya waziwazi ni kwa wale wasio na kazi kabisa. Msaada wa kipato cha chini kwa maskini umeachwa kwenye mapendekezo tu, la 1992 na jingine la Januari 2023. Pendekezo halina meno. Mwaka huo huo wa 2023 Italia iliuondoa mpango wake wa kipato cha raia na kuweka mwingine mwembamba zaidi, na hakuna aliyeweza kuishtaki kwa kulipuuza pendekezo. Ningependa kuona agizo kamili, lenye kiwango kinachopimwa dhidi ya mstari wa umaskini wa kila nchi. Lakini ile kura ya turufu niliyoitaja ipo, na kila mara kuna serikali inayoishika.

Hata hivyo mpango huo huo wa Italia unajibu swali lako la pasipoti. Ulidai mwombaji awe ameishi Italia miaka 10. Wageni wawili wenye ukaazi wa muda mrefu, wasio raia wa nchi yoyote ya Umoja, wakafikishwa mahakamani kwa kudaiwa kujaza fomu kana kwamba wanatimiza sharti hilo. Tarehe 29 Julai 2024 mahakama ya Luxembourg ikasema sharti lenyewe ni ubaguzi dhidi ya wakaazi kama hao, na ni haramu. Ukaazi huo wa muda mrefu kwa kawaida unaombwa baada ya miaka mitano ya kuishi kihalali, kwa masharti yake, ukikaribia, usiulalie. Hata kabla ya hapo, agizo la 2011, lililoandikwa upya mwaka 2024, linampa mgeni aliyeruhusiwa kufanya kazi haki ya kutendewa sawa na raia katika mazingira ya kazi na malipo. Na saa 11 za mapumziko, wiki nne za likizo na kima cha chini cha Ujerumani haviulizi pasipoti.

La kufanya kesho ni kuanza kuandika saa zako mwenyewe, kila siku: ulipoingia, ulipotoka, mapumziko ya kati. Mwaka 2019 mahakama ya Luxembourg ilisema waajiri lazima wawe na mfumo wa kuaminika wa kupima saa za kazi, na mahakama kuu ya kazi ya Ujerumani ikasema mwaka 2022 kwamba wajibu huo upo tayari nchini humo. Kisha soma mkataba wako utafute kipengele kinachosema madai yoyote yatolewe ndani ya miezi mitatu, la sivyo yamekufa. Viko kwenye mikataba mingi, na vinawatisha watu wakaacha fedha zao. Kwa Ujerumani kipengele cha namna hiyo hakiwezi kuua dai la kima cha chini cha kisheria. Hilo unalo miaka mitatu, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka ambao fedha zilipaswa kulipwa. Kwa kinachozidi kima hicho, miezi hiyo mitatu inaweza kukubana kweli, kwa hiyo usingoje. Upo ushauri wa bure kwa wafanyakazi kutoka nje ya Umoja unaoitwa Faire Integration, na kwa mwenzako Mbulgaria upo wa Faire Mobilität, unaotolewa kwa lugha yake. Nendeni wote wawili, na hati zenu za malipo mkononi.